Picha mnato inayotembea: Panga mwendo wa kamera bila kuharibu sura ya mtu

Ukisafiri kwa barabara ya Arusha–Namanga, ukifika maeneo ya Oldonyo Sambu angalia dirishani. Migunga ya kando ya barabara inapita mbio, mbuzi walioko malishoni wanapita taratibu, lakini Mlima Meru uko palepale, kama unakufuata. Kitu cha karibu kinakimbia, cha mbali kinatulia.

Programu zinazofanya picha mnato ionekane inatembea zinafuata kanuni hiyohiyo.

Inafanyaje kazi?

Programu inakadiria umbali wa kila sehemu ya picha na kutengeneza ramani ya kina. Mara nyingi ni picha ya rangi nyeusi na nyeupe: cha karibu cheupe, cha mbali cheusi. Halafu kamera ya kufikirika inasogezwa mbele ya picha.

Google Photos ilianza huduma hii Desemba 2020, lakini mwendo inachagua yenyewe. Ukitaka kupanga mwenyewe, kuna Immersity AI, ambayo zamani iliitwa LeiaPix, na DepthFlow, programu huria ya kompyuta.

Mambo manne ya kupanga

1. Uelekeo. Kulia na kushoto kunafaa picha yenye tabaka: mtu mbele, miti katikati, mlima nyuma. Kuingia ndani kunafaa picha ya barabara au njia ya ng'ombe. Duara dogo linafaa picha ya mtu mmoja.

2. Sehemu ya kutulia. Hapa wengi wanaparuka, na ndipo penye utamu. Ukiiweka usoni, mtu anatulia na Meru unasogea nyuma yake. Ukiiweka mlimani, mtu ndiye anayeyumba. Kwa picha ya mtu, weka usoni.

3. Kiasi cha mwendo. Anza na kidogo kabisa. Kamera ikisogea, inafunua eneo lililokuwa limefichwa nyuma ya bega la mtu, na picha yako haikulipiga eneo hilo. Programu inalazimika kuvuta rangi za jirani au kubuni. Ukizidisha utaona sikio limerefuka, fimbo imepinda, pindo la shuka limevutika kama bigijii.

4. Muda. Sekunde nne hadi sita zinatosha kwa status. Hakikisha kamera inaishia ilipoanzia, ili video ikijirudia isishtuke.

Ukitaka mbwembwe kidogo

Kuna mwendo ambao kamera inarudi nyuma huku lenzi ikivuta karibu. Mtu anabaki saizi ileile, Meru unakua nyuma yake. Mtindo huu wa kuchanganya kamera na lenzi ulipata umaarufu kwenye filamu ya Vertigo ya Alfred Hitchcock, mwaka 1958. Utumie mara moja moja tu, ukizidi unachosha macho.

Kabla hujatupia mtandaoni

Hifadhi picha ya asili pembeni. Kama ni picha pekee ya babu mliyobaki nayo nyumbani, usiihariri kabla ya kutengeneza nakala.

Kama ni picha ya mtu mwingine, muulize kwanza. Aliyekubali kupigwa picha hajakubali sura yake ichezeshwe.

La mwisho ni zito zaidi: picha ya ajali, mafuriko au vurugu ikiwekewa mwendo inaonekana kama video ya tukio lenyewe. Siyo video. Sehemu yake imebuniwa na programu. Andika wazi chini yake: "Picha mnato iliyowekewa mwendo." Neno hilo halipunguzi uzuri wa kazi yako, ila linamsaidia anayeipokea kwenye grupu asije akaisambaza kama ushahidi.

Kagua kwa skrini nzima: masikio, vidole, kingo za nguo na matawi ya miti. Vikiwa salama, posti.