Anga, tai mwenye macho makali wa The Lion Guard

ANGA ni tai jike katika The Lion Guard, katuni ya watoto ya kampuni ya Disney ya Marekani iliyoonyeshwa kuanzia 2015 hadi 2019. Jina lake, kama mengi ya katuni hiyo, ni la Kiswahili. Aliingia katika msimu wa tatu, mwaka 2019, baada ya yangeyange Ono, mlinzi aliyeona mbali kuliko wenzake, kudhurika macho kwa moshi wa volkano. Anga, asiye na maneno mengi, alichukua nafasi hiyo, naye Ono akabaki kundini kwa sababu ya akili zake. Kiongozi wao ni Kion, mwana wa Simba.

Tai wa aina yake ndiye mkubwa kuliko tai wote wa Afrika, na huonekana Ngorongoro, jirani na Karatu. Hata hivyo, yumo hatarini kutoweka. Huuawa kwa sumu, kwa nyaya za umeme na kwa mikono ya wafugaji wanaohofia kuku na wanambuzi wao. Kwa kuwa jike hutaga yai moja tu kwa uzazi mmoja, pengo la kila tai anayeuawa huchelewa kuzibika.