Kabla Uulize Nani Anauzwa, Uliza Mkataba Unaisha Lini

Kila dirisha la usajili likikaribia, grupu za WhatsApp za huku Kitui na Makueni zinageuka kuwa ofisi ya klabu. Huyu abaki, yule auzwe, huyu atolewe kwa mkopo. Msee ako Mwingi ana uhakika straika wa Gor Mahia anaenda Yanga, mwenzake ako Wote anaapa ni Simba. Mimi pia hubishana humo, siwezi danganya. Lakini ukirudi nyuma kidogo unaona kuna swali moja huwa tunaliruka, na hilo ndilo huamua kila kitu.

Turudi Juni 2018, uwanja wa Afraha, Nakuru. Fainali ya SportPesa Super Cup, Gor dhidi ya Simba ya Tanzania. Mshindi anaenda Uingereza kucheza na Everton. Gor wanashinda 2-0, bao moja la Meddie Kagere, lingine la Jacques Tuyisenge, wote wa timu ya taifa ya Rwanda. Sherehe kila mahali.

Kabla sherehe zipoe, Kagere akawa mchezaji wa Simba. Yaani jamaa aliwafunga kwa fainali, na wao badala ya kununa wakamchukua. Msimu wake wa kwanza Tanzania alifunga mabao 23 ya ligi, wa pili 22. Mfungaji bora mara mbili mfululizo, na Simba mabingwa mara hizo zote mbili. Gor nao walienda Goodison Park Novemba hiyo bila yeye, wakapigwa 4-0.

Hapo ndio mlango ulifunguka. 2019 mkataba wa Francis Kahata ukaisha, naye akaenda Simba. Mwaka huo huo Tuyisenge akaenda Petro de Luanda, Angola. Agosti, SportPesa wakajiondoa kwa udhamini baada ya kuvutana na serikali, na mishahara ikaanza kuchelewa. 2020 nahodha Harun Shakava akaenda Nkana ya Zambia, na beki Joash Onyango akafuata njia ya Simba. Miaka miwili tu, na uti wa mgongo wa timu umeisha: beki, kiungo, straika. Hii ni timu ambayo Aprili 2019 ilikuwa robo fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Sasa, mashabiki wengi husema shida ilikuwa kuuza. Mimi sikubali. Kila klabu huuza. Shida ni kuuza ukiwa huna la kusema mezani.

Mtu wa Makueni haitaji kuelezwa hii. Embe likiiva mtini lina siku chache tu. Broka akijua huna pa kulihifadhi, bei anataja yeye. Ukikataa na ukangoja sana, linaanguka, linaoza, unabaki na sufuri. Ndio maana kaunti ilijenga kiwanda cha matunda kule Kalamba, ili mkulima awe na pengine pa kupeleka embe kabla ya kumbembeleza broka.

Kwa mpira, kiwanda chako ni miaka iliyobaki kwa mkataba. Tangu kesi ya Jean-Marc Bosman, yule Mbelgiji aliyeshinda kortini Desemba 1995, dunia ilienda upande mmoja: mkataba ukiisha, mchezaji anaondoka bure. Na sheria za FIFA zinamruhusu kuongea na klabu nyingine ikibaki miezi 6. Kwa hivyo ukiona straika wako amebakisha miezi 5 na hajaongezwa, wacha kuuliza kama atauzwa. Hakuna cha kuuza hapo.

Angalia Celtic na Victor Wanyama wetu. Walimchukua Ubelgiji 2011 kwa karibu pauni 900,000, mkataba wa miaka 4. Novemba 2012 akafunga bao dhidi ya Barcelona. 2013, akiwa bado na miaka 2, wakamuuza Southampton kwa pauni milioni 12.5. Celtic pia hawakumbakisha! Tofauti ni kwamba waliuza embe likiwa bado mtini.

Na mkataba peke yake hautoshi, lazima ulipwe. Tangu 2018, FIFA inasema mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi 2 anaweza kutoa notisi ya siku 15, na asipolipwa anavunja mkataba kihalali. Kwa hivyo klabu ikikaa na deni la mishahara, ile karatasi ya miaka 3 waliyopiga nayo picha haina kazi. Mchezaji anatoka kwa mlango wa mbele na haki yake mkononi.

Lakini sehemu inayonichoma ni hii yetu. Mchezaji mwenye mkataba akiuzwa nchi nyingine, FIFA inataka asilimia 5 ya hiyo bei igawiwe klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, lakini hesabu hii naiweza: asilimia 5 ya pauni milioni 12.5 ni pauni 625,000. Hizo ni pesa za kugawiwa timu zilizomfunza kijana, mradi zimesajiliwa na ziko na rekodi.

Sasa jiulize kuhusu timu yako ya Mutomo ama Kibwezi. Kila Desemba mwanasiasa analeta jezi, mpira na mbuzi wa mshindi, anapigwa picha, anaenda. Nani aliandika majina ya wachezaji? Nani aliwasajili kwa shirikisho? Kijana wa hapo akifika Ulaya 2035, pesa zitatafuta jina la timu iliyomlea, na zisipolipata hazitamfikia kocha aliyekuwa anamnunulia viatu.

Kwa hivyo dirisha likifunguka tena, tubishane, ni raha yetu. Lakini kabla ya kusema nani abaki, uliza mambo matatu: mkataba umebakisha muda gani, mshahara umelipwa, na kama akiuzwa, nani aliyemlea ako na karatasi. Hilo la tatu Gor hawawezi kukujibia. Kocha wa mtaani kwenu anaweza, na daftari la shilingi 50 linatosha kuanzia.