Neno Msafiri, Kihusishi Mwenyeji: Funzo kutoka Arua na Koboko

Ni jambo lisilofichika kwamba mwanafunzi wa Kiingereza katika Afrika Mashariki hasumbuliwi sana na maneno makubwa. Humsumbua yale madogo. Neno "different" alijua, na maana yake aielewa barabara. Lakini aandikapo sentensi huweka "with" mahali pa "from", akakatwa alama. Neno "afraid" alijua, kisha hubabaika asijue limfuate lipi. Sisi tunaofundisha Kiswahili twaweza kudhani kwamba taabu hii ni ya mwalimu wa darasa la jirani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba ni yetu pia, na kwamba historia ya lugha katika nchi ya Arua na Koboko, Nile Magharibi ya Uganda, yaweza kutufunza namna ya kuikabili.

Tuanze na nchi yenyewe. Koboko ipo katika pembe ambapo Uganda yakutana na Kongo na Sudani Kusini. Arua ipo kusini yake, karibu na mpaka wa Kongo. Mwaka 1894 eneo hili lilikodishwa kwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, likawa sehemu ya milki iliyoitwa Lado. Leopold alifariki Desemba 1909, na mwaka uliofuata Lado ikarejeshwa chini ya utawala wa Sudani. Mwaka 1914 sehemu yake ya kusini iliingizwa katika Uganda. Hivyo mtu aliweza kutawaliwa na dola tatu pasipo kuhama shamba la babaye.

Kila zama zilileta ndimi zake. Wenyeji walikuwa na Kilugbara, Kikakwa na lugha za jirani zao. Askari wa Emin Pasha, aliyekuwa gavana wa jimbo la Ikweta, walizungumza Kiarabu cha kambini. Wengi wao walichukuliwa na Lugard mwaka 1891 kuitumikia Uganda, na kutokana na lugha yao kikazaliwa Kinubi, ambacho hata leo chasikika Arua na Koboko. Kiswahili kilifuata jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, nao vijana wa Nile Magharibi waliandikishwa humo kwa wingi. Kiingereza kikaja na ofisi na shule za misheni.

Sasa na tutazame jinsi lugha hizi zinavyoliweka lile neno dogo lioneshalo uhusiano, ambalo wanasarufi wetu huliita kihusishi. Mlugbara huliweka baada ya jina. Mkakwa na Mnubi huliweka kabla ya jina. Mswahili mara nyingi halihitaji hata kidogo, kwa kuwa kazi yake hufanywa na kiishio cha jina, kama katika "shambani", au na mnyambuliko wa kitenzi, kama tusemapo "amemkasirikia". Yaliyo sifa kwa Mwingereza, kwetu aghalabu ni kitenzi kitupu: mtoto "aogopa nyoka", mtungi "umejaa maji", na hapana kihusishi chochote katikati. Mtoto wa Koboko aingiapo darasani amekwisha kubeba kichwani taratibu mbili au tatu zinazopingana, kisha anaambiwa akariri orodha ya nne: "afraid of", "full of", "good at", "interested in". Akikosea, huambiwa mzito. Hiyo si haki. Mtoto huyo si mzito. Amechukua sheria ya lugha moja akaihukumia lugha nyingine.

Je, orodha hiyo ya Kiingereza ilitoka wapi? Zamani sana Kiingereza kilikuwa na viishio vya majina. Kivumishi chenye maana ya "kujaa" hakikuhitaji kihusishi, maana jina lililofuata lilibadilika mwishoni kuonyesha uhusiano. Kadiri karne zilivyopita viishio hivyo vilichakaa vikafa, na kazi yake ikatwaliwa na vihusishi; ndipo "full" likashikamana na "of". Kisha yakaja maneno ya kigeni. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066, na katika Kifaransa chao lilitoka neno "afraid". Neno lilikuwa geni, lakini lilipofika lilipewa "of" ya Kiingereza. "Different" nalo lilitoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa, na hata leo wenyewe hawajapatana juu yake: wengi husema "different from", Waingereza wengine "different to", na Wamarekani wengi "different than". Ikiwa wenye lugha hawajaafikiana, mgeni apigwe kwa kosa gani?

Lakini tusimcheke Mwingereza, kwani nasi tumefanya vivyo hivyo. Neno "karibu" tulilipokea kutoka Kiarabu. Mwarabu kwa kawaida husema kitu ki karibu "min" kitu kingine, yaani, neno kwa neno, karibu "kutoka". Sisi tulilitwaa neno tukaliacha "min" pwani, tukasema "karibu na". "Tofauti" nalo ni la asili ya Kiarabu, nasi twasema "tofauti na". Angalia basi ajabu hii: "na" ni neno la kukutanisha, lakini twalitumia katika "karibu na" na katika "mbali na", katika "sawa na" na katika "tofauti na". Anayetaka kujua kwa akili tupu kwa nini kitu kilicho mbali kiunganishwe kwa neno la kukutanisha hatapata jibu katika maana. Atalipata katika mazoea ya wasemaji. Neno husafiri, kihusishi hubaki kwao. Wahenga walisema: ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Ndivyo maneno yafanyavyo yavukapo mpaka.

Hapa ndipo historia ya Nile Magharibi inapotuhuzunisha. Daraja lilikuwapo, lakini lilivunjwa mara kwa mara. Mwaka 1927 Gavana Gowers alipendekeza Kiswahili kikuzwe katika elimu na utawala wa Uganda, akapingwa vikali, hasa na wakuu wa Buganda. Mwaka 1952 Kiswahili kiliondolewa katika lugha zilizotambuliwa mashuleni. Mwaka 1973 serikali ya Idi Amin, ambaye ukoo wa babaye ulikuwa wa Wakakwa wa Koboko, ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Lakini masikioni mwa raia wengi kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya bunduki, na utawala ule ulipoanguka mwaka 1979 kilibaki na doa hilo. Wakati wote huo watu wa Arua walikisema sokoni, wakijifunza "mbali na" na "karibu na" kwa sikio, bila orodha na bila kiboko. Darasani hakuna aliyewaambia kwamba njia hiyo hiyo yafaa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2005 katiba ya Uganda yakitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, nacho kimerudi katika madarasa ya sekondari. Daraja linajengwa tena.

Ni juu yetu walimu kulitumia. Kwanza, tusimfundishe mwanafunzi kivumishi peke yake; tumpe pamoja na mwenziwe, "good at" kama neno moja, jinsi ambavyo hatumfundishi "tofauti" bila "na". Pili, tulinganishe lugha badala ya kufasiri: mtoto aseme kwa Kilugbara, kwa Kikakwa au kwa Kinubi, kisha kwa Kiswahili, kisha kwa Kiingereza, na aone kwa macho yake kila lugha inavyopanga nyumba yake. Tatu, tuchunge na upande wa pili. Siku hizi twasoma katika magazeti na madaftari "tofauti kutoka" na "mbali kutoka", maneno yaliyovaa kanzu ya Kiswahili juu ya mwili wa Kiingereza. Kosa hilo ni ndugu wa pacha wa "different with", ila hili la kwetu halikatwi alama. Mwalimu anayelisahihisha moja akaliacha la pili amemfundisha mtoto kwamba lugha moja ina sheria na nyingine haina.