Toroli za Mombasa: Reli Tunaijua, Je, Wasukumaji?

Wadau, kabla ya tuktuk, kabla ya matatu, Mombasa ilikuwa na usafiri wa mjini uliopita juu ya reli. Na sisemi treni. Nasema toroli: kiti, magurudumu madogo ya chuma, kitambaa juu cha kukinga jua, na nyuma yake wanaume wanaosukuma kwa mikono. Wao wanakimbia, wewe umekaa. Mahali pa mteremko wanadandia kwa nyuma, mambo yanajiendea. Kilima kikianza, wanashuka, wanasukuma tena.

Sisi wa Kilifi na Malindi tutasema hiyo ni ya Mombasa, inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Ngoja nifike huko.

Kwanza, reli yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1888 kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, iliyoongozwa na tajiri wa meli William Mackinnon, ilipewa kibali na malkia wao kuendesha biashara na utawala huku kwetu. Mwaka 1890 ikaanza kujenga reli ya kwenda bara. Waliipa jina kubwa, Reli ya Afrika ya Kati, lakini upana wake ulikuwa futi 2 tu, kama sentimita 60. Na hiyo Afrika ya Kati haikuonekana hata kwa mbali: walitandika kama maili 7 hivi, yaani kilomita 11, kazi ikakwama. Kampuni ikaishiwa. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikachukua usukani, na 1896 ikaanza reli nyingine, ya upana wa mita 1, ile iliyofika Kisumu 1901.

Ile nyembamba je? Vyuma havitupwi. Viling'olewa, vikatandikwa kisiwani kwa ajili ya toroli. Yaani mradi uliofeli wa kwenda bara ndio uliogeuka usafiri wa mji.

Sasa tuje kwenye njia, maana hapo ndipo ramani inaanza kusema ukweli. Njia kuu ilitoka upande wa Mji wa Kale na Fort Jesus, karibu na bandari ya majahazi, ikakata kisiwa hadi Kilindini kwenye maji marefu ya meli kubwa. Lakini kulikuwa na vijinjia vidogo pia. Vilikuwa vinakwenda wapi? Kwenye nyumba za maofisa. Bwana mkubwa alikuwa na toroli yake binafsi, na reli inafika hadi kwake. Anatoka mlangoni, anakaa, anasukumwa mpaka ofisini.

Soma hiyo tena. Ukichora zile reli zote kwenye karatasi, hupati ramani ya mji. Unapata ramani ya watu ambao mji ule ulitengenezwa kwa ajili yao. Wengine walienda kwa miguu.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari yalishazidi, na toroli zikafa. Leo ukitaka kuzifuata, inawezekana. Anza na kadi za posta za zamani, zipo kibao mtandaoni. Usiangalie toroli, angalia kilicho nyuma yake: ukuta wa ngome, mnara wa msikiti, jengo la serikali. Hilo ndilo litakwambia mpiga picha alisimama wapi. Kisha fikiria kama msukumaji: hakuna anayetaka kusukuma watu kwenye kilima kikali, kwa hiyo tafuta barabara yenye mwinuko wa polepole. Chuo Kikuu cha Northwestern kule Marekani kina mkusanyiko wa Winterton, maelfu ya picha za Afrika Mashariki kuanzia 1860 hadi 1960, na unaziona bure kwenye simu yako. Hapa nyumbani kuna Nyaraka za Taifa, Nairobi. Ukiwa na subira, njia utaipata.

Ambacho hutakipata kirahisi ni jina la aliyesukuma. Kwenye picha aliyekaa mara nyingi anajulikana, au angalau cheo chake kinajulikana. Waliosimama nyuma ni "wasukumaji" tu. Ni kama ni sehemu ya mashine.

Na hapa ndipo Kilifi inaingia. Wale waliokuwa wakivuka Mtwapa enzi za feri wanajua: feri ile haikuwa na injini. Wanaume walishika mnyororo, wakavuta, huku wakiimba na kupuliza baragumu la kombe. Wageni waliipenda, wakaiita feri inayoimba. Tamu kusikia. Lakini ukiondoa utamu, ni hadithi ile ile ya toroli: gari la mtu linavuka kwa misuli ya mtu mwingine, na kinachobaki kwenye kumbukumbu ni wimbo, si mwimbaji.

Nguvu hizo hazikutoka hewani. Kodi ya nyumba ililetwa mwanzoni mwa miaka ya 1900, na hailipwi kwa mahindi, inalipwa kwa pesa. Ukitaka pesa, nenda ukafanye kazi ya mzungu. Ndiyo maana 1913 Mekatilili wa Menza alipowasimamisha Wagiriama, suala la vijana kuchukuliwa kwenda kufanya kazi lilikuwa katikati ya ugomvi. Serikali ilimkamata ikampeleka mbali, hadi Kisii, na mwaka 1914 ikailipua Kaya Fungo kwa baruti. Yote kwa sababu watu walikataa kuwa misuli ya bure.

Sasa maoni yangu. Tunapenda sana picha za zamani. Tunazitia rangi, tunaziwekea muziki, tunaandika "enzi zile raha". Raha ya nani? Ukiposti picha ya toroli bila kuuliza nani yuko nyuma, unaposti kwa jicho la aliyekaa.

Reli zilishang'olewa, hilo haliumi sana. Kinachouma ni kwamba waliovuta feri, waliobeba mkonge Vipingo, waliopakua majahazi Malindi, baadhi yao au watoto wao bado wako nyumbani, na hakuna anayewauliza. Simu unayo. Kinasa sauti kiko ndani. Salimia kwanza, shikamoo yako iwe ya kweli, kisha uliza: babu, ulifanya kazi gani? Mlikuwa wangapi? Mlilipwa nini? Wenzako waliitwa nani?

Hilo la mwisho usilisahau. Andika majina yote.