Kaida

Mtu asiyezoea kuchelewa akikawia kurudi nyumbani, tunasema "si kaida yake". Hakuna aliyempangia saa, inajulikana tu. Neno hilo ndilo linaloeleza vizuri msingi wa Ruby on Rails, kiunzi cha kujengea tovuti alichokitoa David Heinemeier Hansson mwaka 2004: kaida itangulie, maelekezo yaandikwe pale tu unapoiacha. Ukiunda darasa la Book, Rails yenyewe inakwenda kutafuta jedwali la books kwenye hifadhidata. Hujaandika hata mstari mmoja wa kuielekeza, na kazi ya kuchosha imekwisha.

Lakini kila kaida ina kwao. Hii ilizaliwa ndani ya Kiingereza, ambamo wingi kwa kawaida hukaa mwishoni mwa neno. Ipe Rails darasa la Kitabu, nayo itatafuta jedwali la "kitabus"! Dawa ipo, na nawasihi vijana wetu waitumie badala ya kuyatupa majina ya Kiswahili: kiunzi kina faili la kusajili wingi usiofuata kanuni zake. Kitabu, vitabu, mtu, watu. Mstari mmoja kwa kila jina, uandikwe kabla ya kuunda jedwali.