Jina Lililokuwa Dhamana

Nilipata kufasiri hadithi fupi ya Kimarekani ambamo mzee mmoja anamwachia mwanawe sanduku la zana. Hadithi haikunipa taabu, ila kwa neno moja lililochorwa juu ya mfuniko wa sanduku lile: Craftsman. Nikaandika "Fundi", kisha nikafuta. Fundi kwetu ni mtu. Ana jina, ana mtaa, na kazi yake ikiharibika twajua mlango wa kubisha hodi. Huyu wa kwenye mfuniko hakuwa mtu. Ilinilazimu nimtafute.

Alikuwa duka. Mwaka 1886 Richard Sears, mtumishi wa stesheni ya reli katika jimbo la Minnesota, alianza kuuza saa za mfukoni, na biashara hiyo ndiyo iliyozaa kampuni ya Sears, Roebuck ya Chicago. Kampuni ilituma kwa posta kitabu kinene cha bidhaa, na mkulima aliye mbali na mji akaagiza cherehani, jembe, hata mbao zilizokwisha pimwa za nyumba nzima. Kwa Wamarekani weusi wa Kusini, waliozoea kusubirishwa dukani mpaka wazungu wahudumiwe kwanza, kitabu kile kilikuwa na neema isiyoandikwa katika bei: barua ya kuagiza haikuonyesha rangi ya aliyeiandika.

Mwaka 1925 Sears ilifungua duka lake la kwanza la rejareja, na miaka miwili baadaye ikaanza kutumia jina la Craftsman kwa zana zake. Hata jina hilo haikulibuni. Ililinunua kwa kampuni nyingine. Wala chuma chenyewe haikukifua. Spana nyingi zilitoka katika viwanda kama Moore Drop Forging cha Springfield, Massachusetts, na baadaye bisibisi zikatoka Western Forge cha Colorado Springs. Herufi ndogo zilizogongwa kando ya jina zilitambulisha mfuaji, na mpaka leo wapo wakusanyaji wanaozisoma herufi hizo kama sisi tusomavyo nasaba. Mnunuzi wa kawaida hakuziangalia.

Hakuwa na haja ya kuziangalia, kwa kuwa Sears ilikuwa imempa neno. Zana ya mkono ikivunjika, ilete. Utapewa nyingine bure. Hukuulizwa risiti, wala miaka mingapi imepita, wala kama uliinunua wewe au marehemu babako. Wapo watakaosema kuwa hiyo ilikuwa hesabu tu: spana njema haivunjiki mara kwa mara, na ajaye kubadilisha spana hatoki dukani mikono mitupu. Nakubali. Lakini ahadi iliyopigiwa hesabu ni ahadi vilevile maadamu yatimizwa, na hii ilitimizwa kwa vizazi.

Hapa ningalipenda kumsifu mwenye duka na kuendelea mbele, lakini yupo Peter Roberts. Huyu alikuwa kijana wa miaka kumi na minane, mwuzaji katika duka la Sears la Gardner, Massachusetts. Katika mwaka 1963 alianza kubuni mpini wa spana za boksi wenye kitufe: ukikibonyeza, boksi lachomoka kwa mkono mmoja. Akawapelekea wakubwa wake. Wakamwambia kwamba jambo hilo si geni sana, na kwamba halitauzika mno. Wakampa senti 2 kwa kila mpini, mwisho dola 10,000. Baadaye mahakamani ilibainika kwamba Sears ilikwisha kuuza mipini zaidi ya milioni 19. Baraza la wazee wa mahakama lilimpa ushindi wa dola milioni moja mwaka 1977, na mashauri yakaendelea mpaka maafikiano ya mwaka 1989. Basi aliyekuja na spana iliyovunjika alipokewa bila kuulizwa, na aliyesimama nyuma ya meza ileile akampokea, alipoleta spana bora, alidanganywa. Wanaolilia maduka haya ya zamani, nami nimo, wasiisahau meza hiyo kuwa ilikuwa na pande mbili.

Anguko lenyewe halina mengi. Mnara wa Sears wa Chicago, uliokamilika mwaka 1973, ulikuwa jengo refu kuliko yote duniani; huku chini, wateja walikuwa wakihamia maduka ya bei nafuu. Kitabu kikubwa cha bidhaa kilikomeshwa mwaka 1993, intaneti ikiwa mlangoni kuifanya kazi ileile. Montgomery Ward, mshindani mkongwe mwenye zana zake za Powr-Kraft, alifunga maduka mwaka 2001. Sears iliunganishwa na Kmart mwaka 2005. Maduka yakaachwa yakachakaa, zana nyingi zikawa zafuliwa China, na Oktoba 2018 kampuni ikaomba hifadhi ya kufilisika.

Mwaka mmoja kabla yake ilikwisha kuliuza jina. Stanley Black & Decker ililichukua kwa mapatano yaliyokadiriwa dola milioni 900, ingawa Sears ilibakiza haki ya kuuza zana zenye jina hilo. Kwa hiyo mwaka 2019 mnunuzi aliwashitaki warithi wa duka kwa kujitangaza kuwa wao ndio maskani halisi ya Craftsman. Mwaka huohuo aliahidi kujenga kiwanda Fort Worth, Texas, ili spana zifuliwe tena Marekani. Kiwanda kilijengwa, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba kitafungwa.

Katika hadithi niliyoifasiri, kijana anakuta ndani ya sanduku mpini mmoja usioshika, na kesho yake anaupeleka dukani. Mwandishi hakueleza kwa nini. Msomaji wake alijua. Wa kwangu hakujua, nikaongeza sentensi moja isiyokuwamo. Neno la kwenye mfuniko nimeliacha kwa Kiingereza.