Mashini ya kushona ya zamani: mbele ya kuiuza kama chuma, itazamwe kwanza

Katika miji ya mashariki mwa Kongo, toka Bunia mpaka Uvira, mashini ya kushona ya pedali ingali chombo cha kazi cha kila siku. Haingojei umeme, na inafanya kazi chini ya baraza, sokoni, hata ndani ya kambi ya wakimbizi. Vijana wengi waliomaliza mafunzo ya kukata na kushona, na wamama wanaolisha nyumba kwa kushona vitenge, wanaanza na mashini moja tu, tena iliyokwisha kutumiwa na wengine. Siku inapokataa kuzunguka, mapato ya nyumba yanasimama pamoja nayo. Mara nyingi jirani anasema "imekufa", na mashini inauzwa kwa kilo kama chuma kikuukuu.

Kumbe nyingi kati ya mashini zile hazikufa. Zimegandishwa na mafuta.

Adui mkubwa ni mafuta ya kupikia. Mutu anasikia mashini inalia, anachukua mafuta ya mawese ao ya chupa jikoni, anatia matone kadhaa, na sauti inaisha. Kwa siku chache anaona amepata dawa. Lakini mafuta ya mimea yakikaa na hewa yanabadilika, yanakuwa mazito, kisha yanakauka kama gundi ya rangi ya kahawa. Yanashika vumbi na nyuzinyuzi za vitambaa. Mashini ikiachwa miezi bila kazi, kwa mfano wakati wenyewe walikimbia, gundi ile inafunga vyuma kabisa. Mafuta ya moteri yaliyokwisha kutumika nayo si dawa: ni mazito, yamebeba uchafu wa chuma, na yanachafua kitambaa cha mteja. Mashini ya kushona inataka mafuta mepesi ya madini, yale meupe yanayouzwa katika vichupa vidogo kwa ajili yake.

Mbele ya kununua

Mashini nyingi zinazoonekana huku ni za jamaa moja. Singer ilitengeneza ile inayoitwa klasi ya 15, na baada ya vita ya pili ya dunia viwanda vya Japani, kisha vya China na India, vikaiga umbo lake. Butterfly ya Shanghai iko katika jamaa ile. Kwa fundi wa Kongo hiyo ni baraka, juu ya kaneti, nyumba ya kaneti na sindano za moja mara nyingi zinaingia katika nyingine. Singer za zamani zaidi, zile za kaneti ndefu nyembamba kama kijiti zinazokaa ndani ya kichombo kinachofanana na mtumbwi, zinashona vizuri sana, lakini kichombo kile kikipotea kukipata sokoni ni shida. Basi swali la kwanza kwa muuzaji si bei. Ni hili: kaneti iko wapi, na nyumba yake iko wapi? Mashini iliyokwama lakini kamili ni afadhali kuliko ile inayozunguka vizuri na imekosa kipande.

Jina lililoandikwa kwa rangi ya dhahabu si ushahidi wa kutosha, juu ya jina linaweza kubandikwa. Kwenye Singer ya kweli kuna namba iliyopigwa ndani ya chuma, upande wa kulia wa kitako, na kwa nyingi namba hiyo inatanguliwa na herufi moja ao mbili. Namba ile inaonyesha kiwanda na mwaka. Singer nyingi za zamani zilitoka Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Kwa hiyo mashini ya pale, hata ile ya mwisho, imekwisha kupita miaka 40. Umri si kosa. Vyuma vyake ni vinene, na vikipewa mafuta vinaweza kudumu kuliko mwenye kuvinunua.

Kuna jambo moja la kuchekesha ambalo limewagharimu watu franga nyingi. Gurudumu la mkono linazunguka, lakini sindano haisogei. Watu wanadhani mashini imevunjika ndani. Katikati ya gurudumu kuna kifungo kikubwa kinacholegezwa wakati wa kujaza kaneti, ili sindano isitembee bure. Mutu akisahau kukikaza, sindano haitafanya kazi. Kikazwe kwa mkono, halafu ndipo fundi aitwe kama bado.

Kuifungua pole pole

Kama gurudumu lenyewe limekataa, nguvu haitakiwi. Nyundo na koleo ndivyo vinaua mashini hizi kuliko uzee. Pahali pa kuanzia ni chini ya sindano, katika fasi ya kaneti. Nyumba ya kaneti inatolewa, kisha pete inayofunika ndoana: kwa zingine inafungwa na visi mbili, kwa zingine na vibano viwili vya kusukuma kwa kidole. Ndoana inatoka. Nyuma yake mara nyingi kuna uzi uliojikunja, umekatika na kushindiliwa na ndoana siku hata siku. Kipande cha uzi cha urefu wa kidole kinatosha kusimamisha mashini nzima. Kikiondolewa kwa kibano ao sindano, mashini zingine zinazunguka pale pale.

Ikibaki ngumu, basi ni gundi ya mafuta. Hapo inatumika petroli ya taa, si esansi, na kazi inafanywa nje, mbali na makaa, sigara na watoto. Kichwa cha mashini kinalazwa upande. Tone la petroli linatiwa katika kila tundu la mafuta, na kila fasi ambapo chuma kinasugua chuma: juu kwenye mti mrefu unaotoka kwenye gurudumu, ndani ya kifuniko cha kushoto ambamo chuma cha sindano kinapanda na kushuka, na chini kote kwenye viungo vinavyosukuma ndoana na meno ya kitambaa. Viungo vya chini ndivyo vinasahauliwa zaidi, juu ya havionekani mashini ikiwa imesimama.

Halafu kungoja. Saa kadhaa, ao usiku mzima. Joto linasaidia sana, lakini petroli ipanguswe vizuri na iachwe ikauke mbele ya kuleta joto lolote. Mashini ikiwekwa kwenye jua la saa sita, gundi inalainika, na wengine wanaomba seshuari kwa jirani wa saloni ya nywele. Kisha gurudumu linachezwa kidogo kidogo, mbele na nyuma, kwa mkono tu. Likisogea upana wa kidole, ni habari njema. Petroli nyingine, kungoja tena. Kuna mashini zinazofunguka kwa saa moja, na zingine zinaomba wiki nzima. Mwenye haraka ndiye anavunja.

Ikishaanza kuzunguka, uchafu wote unapanguswa kwa kitambaa na mswaki wa meno wa zamani. Petroli inaosha, lakini hailainishi vyuma kwa muda mrefu. Ikiachwa peke yake, vyuma vinabaki vikavu na vinasagana. Kwa hiyo kila fasi iliyopata petroli inapewa tone la mafuta ya mashini, gurudumu linazungushwa dakika kadhaa, yale ya kwanza yanayotoka meusi yanapanguswa, na tone lingine linatiwa. Tone, si kikombe.

Kwa maua ya dhahabu ya Singer, mikono iwe myepesi. Pombe ya kuua vijidudu na sabuni kali vinaondoa vanishi ya zamani na kuchukua maua pamoja nayo. Kitambaa chenye mafuta kidogo ya mashini kinatosha.

Inazunguka, lakini haishoni

Hapa ndipo wengi wanakata tamaa, na sababu mara nyingi ni sindano ya franga kidogo. Sokoni sindano za mashini za nyumbani zinachanganywa na zile za mashini za kiwanda. Ya nyumbani, inayoandikwa 130/705H ao 15x1, iko na ubavu mmoja bapa sehemu ya juu. Ya kiwanda mara nyingi ni mviringo kabisa juu, na urefu wake ni tofauti. Hata ikiingia kwa kulazimishwa, ndoana haitaukamata uzi. Sindano ya kweli nayo inaweza kuwekwa kinyume. Sheria ni rahisi: mfereji mrefu wa sindano unatazama upande ambao uzi unaingilia. Kwa jamaa ya klasi ya 15 uzi unaingia toka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo ubavu bapa unatazama kushoto. Namba 90 inafaa vitenge vya kawaida, na 100 inafaa jinsi na vitambaa vizito.

Uzi ukijazana chini ya kitambaa kama kiota, watu wanalaumu kaneti. Kwa kawaida kosa liko juu: uzi haukuingia kati ya visahani vya kukaza, ao visahani vyenyewe vimejaa nyuzinyuzi na kutu. Mguu wa mashini uinuliwe wakati wa kupitisha uzi, ili visahani vifunguke. Nyumba ya kaneti inapimwa kwa kuining'iniza kwa uzi wake. Ikianguka yenyewe, imelegea. Ikikataa kushuka hata ikitikiswa, imekazwa mno. Inatakiwa ibaki imening'inia, na ishuke kidogo mkono ukitikisika. Kivisi chake kinazungushwa robo ya duara kwa mara moja, juu ya sahani, maana kikianguka mchangani kimekwenda.

Mishono ikirukwa hata baada ya sindano mpya, chuma kinachobeba sindano kinaweza kuwa kimesukumwa juu, hasa kama sindano iligonga zipu ao kifungo. Gurudumu linazungushwa kwa mkono: sindano ikifika chini kabisa na kuanza kupanda, baada ya milimeta 2 hivi ncha ya ndoana inapaswa kupita juu kidogo ya tundu la sindano. Ikipita chini ya tundu ao mbali, kazi hiyo ni ya fundi mwenye uzoefu, na si ya kubahatisha.

Mkanda wa ngozi ukikatika, wengi wanakata mpira wa tairi la ndani la baiskeli. Inasaidia kwa siku chache. Ukivutwa sana, pedali inakuwa nzito na mti wa juu unalika upande mmoja. Meza iliyooza ni kazi ya seremala, na ubao wa muvula unafaa sana.

Kwa mashini iliyokuja na moteri ya umeme, waya zitazamwe kwanza. Ganda likipasuka ao kuwa gumu kama biskuti, isichomekwe. Moteri inaweza kuondolewa na mkono wa kuzungusha ukawekwa, mradi nguzo ya mashini iko na tundu la kuufunga na gurudumu liwe lile lenye nafasi katikati ya miti yake, si lile lililofungwa lote.

Baada ya hapo, kwa mashini inayoshona kila siku, ndoana inapanguswa nyuzinyuzi jioni na viungo vinapewa tone asubuhi, kisha kipande cha kitambaa kikuukuu kinashonwa kwanza ili mafuta ya ziada yaishie pale, si kwenye kitenge cha mteja.